Mhariri, wauzaji wa madukani tunaomba kiti

Ndugu Mhariri,

Nauza vitambaa Ngamiani, hapa Tanga, huu mwaka wa 17. Khanga, vitenge, mashuka, mapazia, vitambaa vya sare za shule. Nilianza kwa kukunja, nikapewa mkasi nikawa nakata, na siku mshika fedha akiwa na udhuru napokea na fedha. Nimefanya maduka matatu. Katika yote matatu sijaona kiti cha muuzaji. Cha tajiri kipo. Cha mteja kipo, cha plastiki, tunakifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kukunja chochote. Cha anayeuza hakipo, na barua yangu ni ya kiti hicho.

Dada yangu wa tumbo moja aliposikia nataka kuandika gazetini aliniambia, "Watu hawana kazi kabisa, wewe unalilia kiti?" Najua wasomaji wengi watasema kama yeye. Naomba mnivumilie nieleze siku yangu ilivyo.

Nakaa Mabawa. Saa 2 kamili asubuhi nipo dukani. Tunatoa nje vya kuning'iniza, tunapanga doti za khanga kwa majina yake, tunashusha majora yatakayokatwa siku hiyo. Kuanzia hapo hadi saa 1 na nusu usiku nipo kwa miguu. Jora la kitambaa cha pazia ni zito, na mteja mara nyingi anataka kuona lile la juu kabisa, lililo karibu na dari. Napanda ngazi, nalishusha begani, nalifungua juu ya kaunta, anashika, ananusa, anauliza kama linachuja. Halafu anataka la pembeni yake. Akishaona saba au nane anasema, "Nitarudi." Simlaumu. Fedha ni yake na pazia atalitazama miaka mitano. Lakini akishatoka nakunja yote manane na kuyapandisha, na kabla sijamaliza kaingia mwingine.

Saa za pilikapilika si ngumu kama saa za utulivu. Baada ya adhuhuri mji unapooza, jua linachoma barabara, mtu haingii dukani nusu saa nzima. Hapo ndipo miguu inapouma kweli, maana hutembei wala hukai. Unasimama tu kama mlingoti. Ukiegemea rafu, simu ya msimamizi inaita. Tangu zilipofungwa kamera, tajiri anatutazama kwenye simu yake popote alipo, na neno lake ni moja: "Mbona huyo ameegemea?" Umeme unapokatika kamera inazimika, na siku hiyo tunakaa kwenye marobota bila mtu kuuliza. Nimewahi kujikuta naomba umeme ukatike, mimi niliye na friji ya kuuzia barafu nyumbani.

Mpita njia akisimama mbele ya duka letu atazame kulia na kushoto. Fundi cherehani aliyekodi baraza yetu anakaa, na anashona vizuri kwa sababu amekaa. Muuza kahawa anakaa kwenye benchi na wateja wake. Mama wa nyanya soko la Mgandini ana kigoda chake, mteja akija anainuka au anampimia hapohapo alipo. Hata kijana wa bodaboda anasubiri abiria akiwa juu ya pikipiki. Hakuna anayesema hao ni wavivu. Sisi tulioajiriwa ndani, chini ya feni, ndio tunaoambiwa kwamba ukikaa mteja anapita. Nimeuza miaka 17. Mteja anapita akikuta bei kubwa au akijibiwa vibaya. Na ukweli, Mhariri, mtu anayeumwa miguu tangu saa 6 hujibu vibaya saa 12. Nimeshawajibu watu vibaya, watu wazima wenzangu, na usiku nimekumbuka nikaona haya.

Mwaka juzi mshipa ulinitoka nyuma ya goti la kushoto, umejikunja kama mnyoo, na jioni kifundo kinavimba hadi kamba ya kiatu inaacha alama. Mganga wa zahanati hakuniuliza nimekula nini. Aliniuliza, "Mama, kazi yako ya kusimama?" Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiri. Damu ikishashuka miguuni haina mtu wa kuipandisha juu isipokuwa misuli ya shavu la mguu, inayoiminya kila unapopiga hatua. Ndani ya mishipa kuna vijilango vinavyozuia damu isirudi chini. Mtu akisimama pale pale kwa muda mrefu misuli haiminyi, damu inatuama, mishipa inatanuka, na vile vijilango vinashindwa kufunga. Dawa aliyonipa ni soksi za kubana na maneno haya: kaa kila unapoweza, na ukikaa inua miguu. Soksi nilinunua. Nilipomweleza msimamizi wetu hayo maneno mengine, alinitazama kwa huruma, akasema, "Dada, mimi mwenyewe nasimama."

Jambo la choo nalitaja kwa ufupi kwa sababu ya heshima. Fremu yetu haina. Tunakwenda cha kulipia sokoni, kwa fedha yetu na kwa ruhusa, na ruhusa hiyo si ya kila saa. Kwa hiyo wanawake hatunywi maji. Katika joto la Tanga, mwezi wa 2, mtu mzima anakunywa kikombe kimoja tangu asubuhi ili asiombe ruhusa mara ya pili. Wengi wetu tumeshatibiwa njia ya mkojo zaidi ya mara moja.

Kilichonifanya nishike kalamu si mguu wangu. Ni binti mmoja tuliyekuwa naye kaunta moja, umri wa mwanangu, akiniita shangazi. Alishika mimba, na mimba ilipofika mwezi wa 7 alikuwa bado anapanda ngazi. Sisi wengine tulikuwa tukimwahi, mteja akiangalia juu tu mmoja wetu keshapanda. Siku moja mchana, duka tupu, aliniambia, "Shangazi, miguu siisikii." Akakaa kwenye kipandio cha chini cha ngazi, akavua viatu. Hazikupita dakika mbili simu ikaita. Msimamizi alikuja ameinamisha uso, hakumtazama binti, akasema ameambiwa amwambie ainuke. Akainuka. Nilimshika mkono wakati anavaa viatu kwa sababu alikuwa hawezi kuinama.

Wiki iliyofuata aliambiwa aende akapumzike, akishajifungua itaonekana. Alihesabiwa siku alizofanya, akapewa fedha zake kwenye bahasha, akaondoka na mfuko wa rambo wenye kandambili zake. Alirudi mtoto akiwa na miezi minne, amembeba mgongoni, akamkuta mwingine kwenye nafasi yake. Sasa anakaanga mihogo Makorora jioni. Alikuwa na mkono mzuri wa kukata, mkasi wake haukukosea uzi.

Nina binti anayesoma ngazi ya cheti Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Alipokuja likizo nilimsimulia, naye akafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 akawa ananisomea, mimi nimetia miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Nilimwambia arudie mara mbili mbili, maana nilidhani anasoma ya nchi nyingine. Mfanyakazi mjamzito ana likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na akijifungua zaidi ya mtoto mmoja ni 100. Akirudi anayenyonyesha ana haki ya muda wa kunyonyesha, hadi saa 2 kwa siku. Mjamzito hapewi kazi ya kuhatarisha afya yake wala ya mtoto. Na kwa kanuni zake, aliyeachishwa kazi akiona ameonewa ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku tulipokuwa tunasoma hayo, zile 30 za binti yule zilikuwa zimeshapita. Nililia, Mhariri. Karatasi ilikuwepo miaka yote hii na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.

Tukaendelea. Sheria inasema saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na anayefanya zaidi ya saa 5 apate mapumziko ya dakika 60. Sisi Jumatatu hadi Jumamosi tunafanya saa 11 na nusu, Jumapili saa 5, kuanzia saa 3 hadi saa 8 mchana. Ni saa 74. Toa dakika 20 tunazoibia kula kila siku, tukiwa kwenye stoo isiyo na dirisha, zinabaki kama 72. Kwa hiyo za ziada ni 27 kila wiki, na kwa wiki nne ni 108. Sheria inaruhusu za ziada 50 tu katika wiki nne, tena kwa makubaliano, na kila moja ilipwe mara moja na nusu. Sijawahi kulipwa hata moja. Kumi la mwisho la Ramadhani ndiyo usiseme, tunafunga duka saa 5 usiku na saa 2 asubuhi tupo, ilhali sheria inataka mtu apumzike saa 12 mfululizo kati ya siku na siku. Tunafuturu kwa tende na maji nyuma ya kaunta, mkono mmoja umeshika futi.

Kuhusu mshahara nitasema kidogo, kwa sababu naujua ugumu wake. Amri iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 150,000 kwa mwezi kwa sekta yetu ya biashara. Mimi wakati ule nilikuwa napata 160,000, tukaambiwa sisi tumeshapita, tushukuru. Binti yangu akapiga hesabu. Kile kiwango kimepangwa kwa wiki ya saa 45, kwa hiyo ni kama shilingi 769 kwa saa. Yangu ukiigawa kwa saa 72 za wiki ilikuwa kama 513. Nilikuwa chini ya kima cha chini na mimi naamini nipo juu yake.

Mei Mosi ya 2025 tulisikiliza sherehe za Singida kwenye redio ya fundi wa barazani. Rais alipotangaza kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kinapanda kutoka 370,000 hadi 500,000, mwenzangu mmoja alipiga makofi, mume wake ni mlinzi wa halmashauri. Tulifurahi naye. Duka lilikuwa wazi, sikukuu ya wafanyakazi, na siku ya sikukuu kisheria inalipwa mara mbili. Ililipwa kama Alhamisi nyingine yoyote.

Na shoti, yaani fedha inayopungua kwenye hesabu. Wanaofanya dukani wanalijua neno hili linavyokata tumbo saa ya kufunga hesabu. Mwezi mmoja ilionekana shoti ya 38,000. Hakuna aliyeulizwa. Tulikatwa 9,500 kila mmoja, wanne, akiwemo aliyekuwa likizo ya msiba siku tatu. Sheria inataka mwajiri aeleze kwa maandishi, mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea, kosa liwe lake kweli, na makato yasizidi robo ya mshahara. Sikatai kulipa nilichopoteza. Nakataa kulipa bila kuulizwa.

Babu yangu aliyemzaa baba alikuja Tanga kutoka Njombe kukata mkonge, manamba, zama za Mwingereza. Alikuwa na kipande. Kilikuwa kadi yenye miraba 30, kila siku ukimaliza kazi yako mraba mmoja unatiwa alama, na ilikupasa uijaze yote ndani ya siku 42 ndipo ulipwe. Alikichukia kipande hadi anakufa, alisema kilimfanya ahesabiwe kama robota. Nami nimekuwa nikimfikiria sana mwaka huu. Babu alikuwa na karatasi ya dhuluma, lakini ilikuwa karatasi, ilionyesha siku aliyofanya kazi. Mimi miaka 17 sina hata hiyo. Sina mkataba, sina namba ya NSSF, nasaini kwenye daftari la kaunta ambalo likijaa linatupwa. Wenzangu mlio kama mimi mjue jambo hili moja: mwajiri anatakiwa akupe kwa maandishi kazi yako, saa zako na malipo yako, abandike ukutani taarifa ya haki zako mahali inapoonekana, na mkifikishana mbele ya sheria bila mkataba huo, mzigo wa kuthibitisha masharti yenu ni wake, si wako. Chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, TUICO, kipo, na kujiunga ni haki. Hata mimi ndiyo kwanza nimechukua fomu.

Sasa nirudi kwenye kiti, maana wengine wataniuliza kwa nini nimeyajua yote hayo na bado naomba kitu kidogo. Naomba hicho kwanza kwa sababu hakihitaji bajeti wala kusubiri mtu. Na hatutakuwa wa kwanza. Uingereza ilipitisha sheria ya viti vya wauza maduka mwaka 1899, kiti kimoja kwa kila wanawake watatu. Shirika la Kazi Duniani liliandika katika mkataba wake namba 120 wa mwaka 1964, unaohusu usafi katika maduka na ofisi, kwamba wafanyakazi wawekewe viti vya kutosha na wapewe nafasi ya kuvitumia. Jirani zetu Kenya, hapo tu ukivuka Horohoro, wameandika viti katika sheria yao ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007. Lakini walionigusa ni wanawake wa Kerala, India. Ni wauza vitambaa kama mimi. Wanauza sari, wanashusha na kukunja kama mimi, na walikuwa wakikatazwa kukaa kama mimi. Walijikusanya, wakadai miaka kadhaa, na mwaka 2018 sheria ya maduka ya jimbo lao ikabadilishwa, wakapata haki ya kukaa. Mwaka 2021 jirani zao wa Tamil Nadu wakafuata. Binti yangu alinionyesha picha zao kwenye simu. Nilitazama miguu yao kwanza.

Wakaguzi wa kazi na wa usalama mahali pa kazi mnaokuja madukani, naomba mnapomaliza kuangalia mtungi wa kuzimia moto mzunguke nyuma ya kaunta, mtazame kama kuna pa kukaa, na muulize choo kiko wapi. Mtuulize sisi, si msimamizi akiwa amesimama kati yetu.

Tajiri wangu simtaji, na duka silitaji, kwa kuwa si la peke yake. Wala si mtu mwovu. Mama yangu alipofariki alitoa gari la kubeba maiti hadi Muheza na alikuja mwenyewe makaburini. Najua kodi ya fremu imepanda, najua wateja siku hizi wanaagiza Kariakoo kwa simu na mzigo unashushwa Kange kesho yake. Haya tunayaona, sisi ndio tunaokaa siku nzima bila mauzo. Nimeandika "tunaokaa" kwa mazoea ya ulimi. Tunaosimama. Ninachomwomba ni siku moja asimame nasi kaunta, kuanzia kufungua hadi kufunga, bila kuegemea, halafu tuzungumze kama watu wanaojuana miaka mingi.

Wiki iliyopita sisi wanne tulichanga 5,000 kila mmoja. Tumemchongesha seremala wa barabara ya 12 stuli moja, miguu mitatu, kimo chake kinalingana na kaunta ili mtu akikaa bado amwone anayeingia. Ipo stoo, imefunikwa kwa kipande cha kitambaa cha sare kilichobaki. Tumekubaliana zamu, dakika kumi kumi, na mwenye mimba au anayeumwa hana zamu, anakaa. Jumatatu tunaitoa.

Kwa hiyo, wewe mteja wetu unayesoma barua hii, ukija Ngamiani ukanikuta nimekaa, usipite. Sema unachotaka, nitainuka.

Muuza vitambaa,
Ngamiani, Tanga.
(Jina langu nimekupa, Mhariri; naomba lisichapishwe.)